Tembo wa Thailand: Heshima Bila Chakula Haitoshi

Januari 1989, Thailand ilipiga marufuku ukataji wa magogo kwa biashara katika misitu yake ya asili. Novemba iliyotangulia, mafuriko na maporomoko ya udongo yalikuwa yameua mamia ya watu kusini mwa nchi, na lawama zikawaangukia wakata miti. Msitu ulistahili kinga hiyo. Ila magogo ya mitiki yalikuwa yakivutwa na tembo, na marufuku hiyo iliwaachisha kazi wanyama pamoja na walezi wao bila mpango wa kuwatunza. Tembo mmoja hula zaidi ya kilo 100 za malisho kwa siku. Basi walezi wakaingia naye mitaani Bangkok, wakiwauzia wapita njia ndizi na miwa ili wamlishe. Wengine wakahamia kambi za watalii. Huruma isiyotengewa fungu huyahamisha mateso tu.

Si kwamba Wathai hawamheshimu tembo. Alikuwa kwenye bendera ya Siam hadi mwanzoni mwa karne ya 20, tembo weupe ni wa mfalme, na kila Machi 13 taifa huadhimisha siku yake. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1939 inamhesabu tembo wa kufugwa kuwa mnyama wa kazi, kundi moja na farasi na ng'ombe, ilhali mwenzake wa porini analindwa na sheria ya wanyamapori. Taifa limeitukuza sura yake, mwili wake likauachia soko.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga kambi zote na kuwarudisha tembo msituni. Msitu upi? Mikoa ya mashariki, kama Chachoengsao, tayari ina tembo wa porini wanaoingia mashambani, na watu hupoteza maisha. Mwaka 2020, korona ilipofukuza watalii, tembo wengi walirudishwa kwa miguu vijijini, ambako walezi walihangaika kutafuta malisho. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ilionekana waziwazi, na pia hatari ya kumtegemea mgeni peke yake.

Watetezi wa mila nao hutukumbusha kwamba jamii ya Wakui wa mkoa wa Surin imeishi na tembo vizazi kwa vizazi. Ni kweli, na ujuzi wa Wakui ni hazina. Lakini mila hiyo haihalalishi kumtenga ndama na mama yake na kumpiga mpaka atii, wala kumbebesha watalii kutwa nzima. Anayeitaja mila aanze na mlezi: ujira wa kutosha, mafunzo, na nafasi ya kubaki na mnyama anayemfahamu. Thailand inahitaji sheria inayomtambua tembo wa kufugwa kama tembo, pamoja na mfuko wa malisho na tiba unaochangiwa na utalii miaka ya neema, usaidie miaka ya njaa. Marufuku yoyote ije baada ya hapo.