Data Yako Imevuja? Usiishie Kuambiwa "Pole"

Ni Jumamosi asubuhi, uko kwa matatu ukielekea Gikomba, na simu inatetemeka. Ujumbe umetoka kwa kampuni uliyonunua kitu kwao miaka miwili iliyopita: "Mteja mpendwa, watu wasioidhinishwa waliingia kwenye mfumo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Unausoma, unaufuta, safari inaendelea.

Jumatatu simu inalia. Jamaa wa upande ule mwingine ana adabu kama karani wa benki. Anakuita kwa majina yako yote matatu, anakutajia namba ya kitambulisho, na hata mtaa unaoishi anaujua. Anasema kuna pesa zimetumwa kwako kimakosa, na anahitaji kitu kidogo tu kutoka kwako ili "arekebishe".

Wateja wanaotupigia baada ya simu kama hiyo huuliza swali moja: "Huyu mtu alijua aje?" Ni swali zuri. Lakini kuna la pili ambalo wachache huliuliza: waliokuwa wameshika data yangu ikawaponyoka, wanawajibika vipi kwangu? Leo tunalijibu hilo la pili.

Data ni yako, kampuni imewekeshwa tu

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, ndiyo inayoeleza haki hiyo inalindwaje kampuni inapokusanya jina lako, namba ya simu, kitambulisho au historia ya malipo yako. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo wengi huiita ODPC.

Fikiria yule mtu unayemwachia mzigo stejini. Mzigo haujawa wake kwa sababu amekaa nao. Ukirudi ukute begi limefunguliwa, hawezi kukwambia "pole" halafu aendelee kunywa chai. Kampuni iliyochukua data yako iko katika nafasi hiyo hiyo.

Data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli kwamba utaumia, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Wewe pia unafaa kujulishwa kwa maandishi, bila kucheleweshwa ovyo. Taarifa hiyo inapaswa kusema ni nini kilitokea, kampuni inachukua hatua gani, wewe ufanye nini ili kujikinga, na utampata nani ukiwa na maswali. Kampuni inaweza kuepuka kukujulisha ikiwa data ilikuwa imefichwa kwa msimbo kiasi kwamba aliyeiiba hawezi kuisoma. Zaidi ya hapo, ujumbe wa "tunaomba radhi kwa usumbufu" peke yake hautoshi.

Faini si fidia

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ukisikia kwenye habari kwamba kampuni imepigwa faini, unaweza kudhani walioumia wamelipwa. Sivyo.

Septemba 2023, Kamishna alitangaza faini tatu kwa mpigo. Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, ilitozwa shilingi 2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilitumiwa kuwatumia jumbe za vitisho. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hizo hazikuwa kesi za wadukuzi, lakini zilionyesha kwamba sheria hii inauma.

Faini ni adhabu ya kampuni, haiingii mfukoni mwako. Tena ina kikomo: shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kilicho chako ni fidia. Sehemu ya 65 ya sheria hiyo inasema mtu aliyepata madhara kwa sababu sheria ilivunjwa ana haki ya kulipwa na kampuni husika. Na madhara si pesa pekee. Msongo wa mawazo umetajwa pia. Kama ulikaa wiki mbili bila usingizi kwa sababu mtu asiyekujua alikuwa na kitambulisho chako, hilo nalo linahesabika. Lakini fidia haiji yenyewe kama bonasi ya airtime. Ni lazima uidai, na uwe na cha kuonyesha.

Njia ulizo nazo

*1. Iandikie kampuni.* Anza hapa, na uandike. Kupiga simu ni sawa, ila simu haiachi karatasi. Una haki ya kuuliza kampuni ina data gani kukuhusu, na kanuni za 2021 zinaipa siku 7 kukujibu, bila malipo. Unaweza kunakili haya:

"Mimi ni mteja wenu. Tarehe fulani mlinijulisha kwamba data iliingiliwa. Naomba mnieleze kwa maandishi ni data yangu ipi iliyofikiwa, lini, mmechukua hatua gani, na kama mmemjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Naomba pia nakala ya data yote mliyo nayo kunihusu."

Mistari michache tu, lakini majibu yake, au ukimya wao, utakufaa mbele ya safari.

*2. Peleka malalamishi kwa Kamishna.* Hapa huhitaji wakili, na hakuna ada. Unaweza kulalamika kupitia tovuti ya ODPC au kufika ofisini. Makao makuu yako Nairobi, na kuna matawi katika miji kama Mombasa, Kisumu na Nakuru. Huwezi kuandika? Sheria inaruhusu malalamishi ya mdomo, na ofisi ndiyo itakayoyaandika. Malalamishi yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kuiamuru kampuni irekebishe makosa, anaweza kuitoza faini, na anaweza kuiamuru ikulipe fidia. Pia pande mbili zinaweza kukalishwa chini zipatane, na kwa hasara ndogo hiyo mara nyingi ndiyo njia ya haraka.

*3. Nenda kortini.* Usiporidhika na uamuzi wa Kamishna, unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Katiba pia, katika Kifungu cha 22, inakuruhusu kwenda kortini ukiona haki yako imevunjwa, na inaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi. Hilo ni muhimu sana kwa uvujaji wa data, kwa sababu kwa kawaida walioumia ni maelfu na kila mmoja amepoteza kidogo. Tahadhari moja: mara nyingi korti huuliza kama ulipitia kwa Kamishna kwanza, na ukiruka hatua hiyo kesi inaweza kutupwa kabla hata ya kusikizwa. Kwa hivyo ongea na wakili mapema. Kama huna uwezo wa kumlipa, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

*4. Ripoti polisi.* Kampuni iliyozembea ni kesi moja, mwizi ni kesi nyingine. Kama kuna mtu ametumia data yako kukuibia au kujifanya wewe, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Nenda kituo cha polisi, andikisha, na usitoke bila namba ya OB. Kituo kinaweza kukuelekeza kwa wapelelezi wa DCI.

Kesi huanza siku ile ya ujumbe

Tatizo kubwa tunaloliona si watu kukosa haki. Ni kukosa ushahidi. Mtu amefuta ujumbe, hakumbuki tarehe, na namba iliyompigia ilishapotea kwenye orodha. Kwa hivyo:

- Usifute ujumbe wa kampuni. Upige picha ya skrini, uhifadhi mahali pengine nje ya simu hiyo.
- Andika tarehe, saa na namba ya kila simu ya ajabu, na alichosema aliyepiga.
- Weka jumbe zote za miamala na taarifa ya akaunti ya kipindi hicho.
- Tunza risiti: nauli ya kwenda kubadilisha laini, siku ya kazi uliyokosa, karatasi ya daktari kama afya iliyumba.
- Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti mara moja.
- Chukua ripoti yako ya CRB. Unastahili moja bila malipo kila mwaka. Mkopo usioujua kwenye ripoti hiyo ni ushahidi mzito, na ni jambo la kupinga upesi kabla halijakuharibia jina.

Tuseme na ukweli mwingine usiopendeza. Kampuni ikithibitisha kwamba haikuhusika kwa njia yoyote na madhara yako, haitalipa. Na kama ulimpa tapeli namba yako ya siri, utaulizwa hilo. Usilifiche, na usiache kulalamika kwa sababu ya aibu. Tapeli aliyekuwa na majina yako matatu na kitambulisho chako aliaminika kwa sababu kuna mtu aliyeacha mlango wazi, na hoja hiyo una haki ya kuiweka mezani.

Na kama kampuni yenyewe ni sisi?

Tungekuwa wanafiki kuandika haya yote kana kwamba yanawahusu wengine. Sisi pia tumeshika jina lako, namba yako na historia ya malipo yako. Siku data yako ikivuja kutoka kwetu, kila njia iliyo hapo juu inatuhusu: tuandikie, tudai majibu, na usiporidhika, nenda kwa Kamishna. Huhitaji ruhusa yetu, na kulalamika si kutukosea heshima.

Kwa leo, fanya kazi moja ndogo. Fungua jumbe zako za zamani utafute neno "data". Ukipata ule wa "mteja mpendwa" ambao hukuusoma vizuri, piga picha ya skrini, kisha uwaandikie ile barua fupi. Na jamaa wa Jumatatu akipiga tena, kata simu. Hakuna mfanyakazi wetu, hata mmoja, atakayewahi kukuuliza namba yako ya siri.