Upepo wa Utabiri na Bahari ya Pemba

Katika kisiwa cha Pemba, ambako saruji, dawa na wasafiri huvuka bahari kabla ya kufika bandari ya Mkoani au ya Wete, utabiri wa hali ya hewa ni taarifa inayoamua iwapo chombo kitang'oa nanga au kitabaki bandarini, lakini taarifa hiyo haijawa hali ya bahari mpaka isomwe pamoja na mkondo, kupwa na kujaa kwa maji, na umbo la pwani ambayo chombo kinaipita. Upepo ni jambo moja na bahari ni jambo jingine, ijapokuwa la pili huzaliwa na la kwanza, na anayeyachanganya aweza kukaa bure siku ambayo angevua, au kutoka siku ambayo hakupaswa kutoka.

Tofauti hiyo inajulikana pia katika nchi za baridi. Kwenye milima ya Alps, barani Ulaya, watu wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni hupewa taarifa mbili, moja ya theluji itakayoanguka na nyingine ya hali ya mteremko wenyewe, kwa kuwa theluji ya kina kilekile yaweza kuwa laini upande wa kivuli, ikawa barafu ngumu upande uliopigwa na jua kisha ukaganda usiku, au ikalala juu ya tabaka dhaifu na kuporomoka. Pemba haina theluji, ila bahari yake ina miteremko.

Anayetoa utabiri rasmi nchini ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutangaza hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo lenye rangi ya njano, tahadhari yenye rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa yenye rangi nyekundu. Wananchi husikia mara kwa mara angalizo la upepo unaofikia kilometa 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani, Unguja na Pemba zikiwamo, na namba hizo mbili zinastahili maelezo zaidi ya yale yanayotolewa kwa kawaida. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, kwani kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne, hivyo upepo wa kilometa 40 hulisukuma tanga kwa nguvu mara nne ya ule wa kilometa 20. Kimo cha mawimbi nacho, kama kinavyohesabiwa katika utabiri wa bahari duniani, si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote, bali ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, na kwa hesabu hiyo bahari ya mita 2 yaweza, mara chache lakini kweli, kuinua wimbi moja linalokaribia mita 4. Nahodha mzoefu hulitarajia wimbi hilo hata kama hajapata kuisikia hesabu yake. Abiria na mvuvi kijana ndio wanaopaswa kuelezwa.

Namba hizo zikifika Pemba hukutana na bahari isiyofanana na ya jirani. Unguja imetenganishwa na Bara na maji mafupi, yenye kina cha makumi machache ya mita, ilhali mlango wa bahari kati ya Pemba na Bara huzama mamia ya mita, na ndani yake hupita mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi, upepo utokao kusini takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, huvuma kuelekea uendako mkondo na kuuongezea kasi. Kaskazi, unaotawala takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huja kuukabili. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini upepo unapogongana na mkondo mawimbi hufupika, husimama wima na kukaribiana, kiasi kwamba kaskazi isiyotisha kwenye karatasi ya utabiri inaweza kuchafua bahari kuliko namba zake zinavyodokeza.

Kupwa na kujaa huongeza jambo jingine. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita 4, na maji yote hayo hulazimika kutoka kwa muda wa saa 6 hivi kupitia milango myembamba baina ya visiwa vidogo vya magharibi, kama vile Njao, Fundo na Uvinje. Maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia, mlango uliokuwa shwari asubuhi hugeuka mahali pa hatari adhuhuri, bila upepo kubadilika hata kidogo. Siku za maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua, mlango huohuo hupitika kwa wasaa.

Umbo la kisiwa lenyewe lina neno. Wete imekingwa na visiwa na rasi zilizo mbele yake, lakini upande wa mashariki hauna kinga hiyo, na si bure kwamba ufuko mmoja wa kaskazini-mashariki unaitwa Vumawimbi. Wavuvi wa Kojani, wanaojulikana kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, hupita bahari za namna hizi zote katika msimu mmoja, na kwao tangazo moja linalotaja “Pemba” tu huwa limewaachia sehemu kubwa ya kazi ya kulitafsiri.

Kazi hiyo ina hazina yake ya zamani, nayo inastahili heshima ya elimu kamili. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaoanza siku ya Nairuzi, uligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa kuwa haukusogea kwenye misimu kama unavyosogea mwaka wa Kiislamu wa mwezi, uliopungua kwa siku 11 hivi, wakulima na mabaharia waliutumia kujua lini kusi itaanza na lini tanga mbili, kipindi cha pepo zisizotulia baina ya misimu, kitafika. Mwezi nao uliwapa bamvua na maji mafu.

Elimu hiyo hufika ukomo mbele ya kimbunga, kwa sababu vimbunga ni nadra mno karibu na ikweta. Kile cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi wa karafuu. Hakuna kumbukumbu ya mzee inayoweza kutabiri tukio la namna hiyo. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilikuwa kimefuatiliwa kwa satelaiti siku kadhaa, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa mapema. Hapo satelaiti haina mbadala.

Hata hivyo utabiri hupima hewa na maji, haupimi chombo. Meli ya Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi chake, na wimbi ambalo meli iliyopakiwa kwa haki hulipanda na kushuka huwa balaa kwa meli iliyolemewa. Ngalawa, ambayo ubavu wake hauinuki hata mita moja juu ya maji, husikia tangazo lilelile la mita 2 linalosomewa boti ya mamia ya abiria, na mwenye ngalawa ndiye anayebaki na hesabu ya kufanya pwani, kabla ya kupandisha tanga.