Kufaulu Mtihani wa CPA ni Hatua ya Kwanza tu



Katika vikao vyetu na kamati za sharika, hasa upande wa Ubaruku wilayani Mbarali, swali moja limekuwa likijirudia: "Kijana wetu amefaulu mitihani ya CPA. Kwa nini wafadhili hawakubali atie sahihi ukaguzi wa hesabu za mradi wetu?" Swali hili ni la haki. Usharika ulimchangia ada, na mkaguzi wa kutoka mjini hulipwa fedha ambazo zingenunua bati au mbegu. Tumeona ni vema kueleza utaratibu ulivyo.

Chombo kinachohusika ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 na ikaanza kazi mwaka 1973. Inatahini, inasajili, na inasimamia mwenendo wa wanataaluma. Hizo ni kazi tatu tofauti. Aliyefaulu mtihani amemalizana na Bodi katika ile ya kwanza tu.

Hatua ya kwanza ni mtihani, ambao hufanyika katika vipindi maalumu vya mwaka, vikiwemo Mei na Novemba. Mei ndiyo miezi ya mavuno ya mpunga kwetu, wakati sadaka za mavuno zinapoingia kwa magunia na mhasibu anahitajika kila siku. Kamati inayomnyima ruhusa wakati huo inamrudisha nyuma. Ni heri kupanga mapema nani atapokea na kuandika magunia atakapokuwa Mbeya kwenye mtihani.

Hatua ya pili ni uzoefu wa kazi. Anayetaka kusajiliwa kuwa CPA anatakiwa awe na uzoefu wa miaka mitatu katika kazi za uhasibu au ukaguzi, nao uthibitishwe. Hapa ndipo vijana wengi wa vijijini hukwama. Ametunza daftari la fedha la usharika kwa miaka kadhaa, lakini hana barua ya ajira, na hakuna mhasibu aliyesajiliwa aliyekuwa akiikagua kazi yake. Kazi imefanyika, ila ushahidi haupo.

Hatua ya tatu ni usajili wenyewe. Mwombaji hupeleka maombi kwa Bodi pamoja na vyeti, uthibitisho wa uzoefu na ada. Akikubaliwa, jina lake huingia katika daftari la Bodi. Kuanzia hapo hulipa ada kila mwaka, huhudhuria mafunzo ya kujiendeleza, na hufungwa na kanuni za maadili. Akivunja kanuni anaweza kuadhibiwa, hata kufutwa katika daftari. Kwa mwenye mradi hii ndiyo faida kubwa ya usajili: akidanganywa, anapo mahali pa kupeleka malalamiko.

Hatua ya nne ni kwa anayetaka kufanya ukaguzi kwa ajili ya umma. Huyu huhitaji kibali kingine cha Bodi, juu ya usajili wa kawaida. Mwenye kibali hicho ndiye anayeruhusiwa kutia sahihi taarifa ya ukaguzi wa nje. CPA aliyeajiriwa kama mhasibu anaandaa hesabu vizuri kabisa, lakini hatii sahihi hiyo.

Kuna jambo lingine. Hata kijana wetu akifika hatua ya nne, hawezi kukagua vitabu anavyovitunza mwenyewe. Mtume Paulo aliposimamia mchango kwa ajili ya Yerusalemu, alituma na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili pasiwe na neno la kulaumu. Hakufanya hivyo kwa sababu hakuaminika.

Kwa hiyo, tunazishauri kamati za sharika mambo haya:

1. Mpeni kijana barua ya ajira yenye tarehe ya kuanza na orodha ya kazi zake, hata kama posho ni ndogo.

2. Mtafuteni mhasibu aliyesajiliwa, wa dayosisi au wa taasisi jirani, apitie vitabu kila robo mwaka na kuweka sahihi.

3. Hifadhini stakabadhi, hati za malipo na ulinganisho wa benki. Hizo ni kinga ya usharika na pia ushahidi wa kijana.

4. Kabla ya kumlipa mkaguzi yeyote, mwombeni cheti chake na mthibitishe kwa Bodi kwamba kingali hai.

Kwa wahisani wetu, tunaomba bajeti za miradi zitenge fungu dogo la usimamizi wa mhasibu kijana na ada zake za Bodi. Fedha hizo hazionekani kama kisima au darasa. Lakini sharika za bondeni zikipata hata wahasibu wachache waliosajiliwa, wanaoujua mpunga na kuwajua watu wake, hesabu zitamfikia mkaguzi zikiwa tayari, na yale mashaka yanayovunja imani kati ya waumini na viongozi wao yatapungua.

Kamati yenye kijana aliyefaulu mtihani na bado hajasajiliwa ilete jina lake katika ofisi ya miradi ya dayosisi, ili tusaidiane kumtafutia msimamizi.