Kipimajoto cha mpakani hakioni kinachoonekana Musaga

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Kila anayevuka Kobero, awe kwa lori, basi au miguu, anakijua kile kifaa kidogo kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Sekunde mbili, namba inatokea, mkono unapungwa: pita. Tukishapita hapo, wengi wetu huona mambo ya afya yamekwisha. Kinachobaki ni forodha, na forodha nayo ina maumivu yake.

Hesabu ya siku inasema vingine. Mtu aliyeambukizwa mpox, ambayo wengi bado wanaiita homa ya nyani, anaweza kukaa hadi siku 21 bila dalili yoyote. Ebola na Marburg huchukua siku 2 hadi 21. Kipindupindu ndicho chenye haraka, saa chache hadi siku 5. Sasa pima safari zetu. Kabanga hadi Bujumbura ni mwendo wa siku moja. Kutoka Uvira, mpaka wa Gatumba ukiwa wazi na foleni ikiwa ya wastani, unafika sokoni kabla chai haijapoa. Anayebeba ugonjwa huvuka akiwa mzima, na kipimajoto hakina cha kumwona nacho. Homa na vipele humkuta akiwa tayari nyumbani.

Na nyumbani, kwa wafanyabiashara wengi wa Bujumbura, ni mitaa kama Musaga.

Musaga iko kusini mwa jiji, kwenye barabara ya taifa namba 7 inayopanda kwenda Ijenda. Mboga, viazi na maziwa ya milimani Mugamba hushukia hapa, na bidhaa za mjini hupandia hapa hapa. Gereza kuu la Mpimba, lililojengwa kwa ajili ya watu 800 na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likibeba wengi zaidi ya hao, liko hapa pia. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, biashara ya jiji ilitawanyika kwenye masoko ya mitaani, na mitaa ikawa soko na makazi kwa wakati mmoja. Mtu analala hatua chache kutoka pale anapouzia. Watoto wanacheza kati ya marobota. Ugonjwa ukiingia katika mazingira hayo, macho yatakayouona kwanza ni ya jirani, ya mama mkwe au ya nesi wa kituo cha afya cha mtaani. Askari wa mpakani atakuwa ameshamsahau msafiri huyo.

Tumfuate basi mtu mmoja wa mfano. Tuseme ni mama wa Musaga anayenunua vitenge Uvira na kuviuza mjini. Siku ya kumi baada ya safari anaamka na homa, tezi zimevimba, na vipele viwili vitatu vimetokea mkononi. Anakwenda kituo cha afya. Nesi anamwuliza mambo ya kawaida, kisha anauliza: “Mama, wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi?”

Jibu lake ndilo mwanzo wa mfumo mzima wa taifa wa kufuatilia magonjwa. Akisema Uvira, nesi ana sababu ya kuandika fomu ya mgonjwa anayeshukiwa na kupiga simu wilaya ya afya siku hiyo hiyo. Wilaya inatuma watu, sampuli inachukuliwa kwenye vipele na kupelekwa maabara ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, INSP, hapa hapa Bujumbura. Wakati huo huo wahudumu wa afya wa jamii, wale ambao kwa Kirundi huitwa abaremeshakiyago, wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikaa naye, nani alilala naye kitanda kimoja, nani alinunua kwake. Akisema “sijatoka, nipo tu Musaga”, anaweza kupewa dawa ya kuwashwa na kurudi sokoni.

Mfumo wenyewe si mgeni. Nchi za kanda ya Afrika ya WHO ziliukubali mwaka 1998, na Burundi inaufuata kama majirani zake. Kuna taarifa za aina mbili. Ya kwanza ni hesabu ya kila wiki, Jumatatu hadi Jumapili: malaria wangapi, kuhara wangapi, surua wangapi, hata kama jibu ni sifuri. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeishukuru. Ya pili haisubiri wiki iishe. Kwa magonjwa kama kipindupindu, Ebola au kupooza kwa ghafla kwa mtoto, mgonjwa mmoja anayeshukiwa tu anatosha kupiga simu ndani ya saa 24. Na nchi ikishapima uzito wa jambo na kuona linaweza kuvuka mipaka, ina saa 24 nyingine kuiarifu WHO. Hivyo zinasema Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007.

Wataalamu wana kipimo wanachokiita saba-moja-saba: siku 7 kuugundua ugonjwa tangu ulipoanza, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Ukitazama milipuko ya kanda hii, siku hizo 7 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Ndizo siku za nesi na yule mama wa vitenge.

Burundi imepitia mtihani huo mara kadhaa kwa muda mfupi. Tarehe 1 Januari 2023 ilitangaza kipindupindu. Tarehe 17 Machi mwaka huo huo ikatangaza polio, ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wa miaka minne wa wilaya ya afya ya Isare alikutwa na virusi, pamoja na watoto wawili waliokuwa karibu naye, na sampuli tano za maji taka nazo zikaonyesha kwamba virusi vinazunguka. Hapo ndipo wengine tulipojua kwamba hata mfereji huchunguzwa.

Kisha ikaja mpox. Aina mpya ya kirusi hicho ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini, Septemba 2023. Kivu Kusini na Bujumbura ni majirani wa mlango kwa mlango. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa watatu. Ndani ya siku chache Rwanda, Uganda na Kenya nazo zikatangaza wa kwao. Zote nne hazikuwa zimewahi kuripoti ugonjwa huo. Tarehe 14 Agosti WHO ikatangaza dharura ya afya ya kimataifa, ambayo haikuondolewa hadi tarehe 5 Septemba 2025. Hadi 2024 inamalizika, Burundi ilikuwa na wagonjwa waliothibitishwa karibu 3,000, Bujumbura ikiwa kitovu, na kifo kimoja.

Wagonjwa karibu 3,000 na kifo kimoja: wapo watakaosema ugonjwa wenyewe ulikuwa mwepesi. Upo ukweli kidogo katika hilo, ila aliyeona mtoto mwenye vidonda mdomoni hatatumia neno “mwepesi”. Sehemu nyingine ya maelezo ni kwamba watu walijitokeza na wakahesabiwa.

Mgonjwa wa Kenya anatuhusu zaidi. Wizara ya Afya ilimtangaza tarehe 31 Julai 2024: msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya, akaonekana kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Taveta. Yeye alikuwa na dalili tayari, ndiyo maana mpaka ulimwona. Alitengwa, aliokutana nao wakafuatiliwa, na biashara kati ya Taveta na Holili ikaendelea.

Hapa ndipo hofu yetu wafanyabiashara inapopaswa kupimwa upya. Tunaogopa kwamba tukisema, mpaka utafungwa. Ushahidi wa kanda unaonyesha kuwa mipaka hutikiswa zaidi na habari zinazochelewa au zinazogombaniwa. Januari 2025 WHO ilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Tanzania ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba Marburg ipo Biharamulo. Biharamulo ndiyo wilaya yenye Nyakanazi na Lusahunga, ambako madereva wa mizigo ya Bujumbura hula na kulala. Kwa karibu wiki nzima watu wa njia hiyo waliishi kwa uvumi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliohesabiwa walikuwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane wanaodhaniwa, na wote walikuwa wamefariki.

Mfano mwingine uko Goma. Tarehe 1 Agosti 2019, Ebola ikiwa imeingia mjini humo, Rwanda ilifunga mpaka wa Gisenyi asubuhi na kuufungua siku hiyo hiyo. WHO ilikuwa imeonya wiki mbili kabla kwamba kufunga hakusaidii, kwa sababu watu hawaachi kuvuka. Wanahamia njia za panya ambako hakuna maji ya kunawa wala mtu wa kuandika majina. Anayejua Rusizi wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Hata hivyo, kumwambia mama wa vitenge “sema ukweli” bila kutaja gharama yake ni kumdharau. Mwenye mpox hujitenga hadi magamba yadondoke, yaani wiki mbili hadi nne. Wiki nne bila meza sokoni ni mtaji kuliwa, ni upatu kukosa zamu, ni mteja kuhamia kwa jirani. Akieleza kwamba alivuka kwa njia isiyo rasmi, anaogopa jina lake litaishia kwa watu wa kodi. Akipona, wapo watakaokwepa bidhaa zake miezi mingi. Taifa linapata taarifa bure, na bei yote inalipwa na mtu mmoja. Kwa maoni yetu hili ndilo tundu kubwa la mfumo, kubwa kuliko uhaba wa magari au vifaa vya maabara. Vifaa angalau vinazungumziwa: mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara tisa zinazohamishika kwa nchi wanachama, Burundi ikapata moja. Suala la kumshika mkono mfanyabiashara aliyejitokeza halisikiki mara nyingi mezani.

Kilichopo kwa sasa ni haki kadhaa ambazo wengi hatuzijui, na zimo ndani ya Kanuni zile zile za kimataifa. Ibara ya 45 inataka taarifa za mgonjwa zitunzwe kwa siri na zitumike kwa shughuli ya afya. Ibara ya 40 inasema msafiri hatozwi kwa uchunguzi anaofanyiwa mpakani ili kulinda afya ya umma, wala kwa kuwekwa karantini, wala kwa cheti cha kuonyesha alichofanyiwa. Chanjo inaweza kulipiwa ikiwa sharti lake lilitangazwa siku 10 au zaidi kabla hujafika. Kwa mizigo, Ibara ya 41 inaruhusu tozo, ila iwe moja, iwe imetangazwa siku 10 kabla, isizidi gharama halisi ya huduma na isibague uraia wa mwenye mzigo. Nchi ikikuzuia kuingia, au ikichelewesha bidhaa zako zaidi ya saa 24 kwa hatua inayozidi mapendekezo ya WHO, Ibara ya 43 inaitaka ieleze sababu zake za kisayansi.

Kadi ya njano nayo ina lake. Tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabika maisha yote. Anayekuambia mpakani kwamba kadi yako “imeisha muda” kwa kuwa imepita miaka kumi, anakuuzia kitu usichokihitaji.

Suala la vyeti halijakaa sawa. Wakati wa korona, Mei 2020, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba madereva wakisubiri majibu ya vipimo, na aliyepimwa nchi moja akapimwa tena ya pili. Jumuiya ikaunda mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva ili cheti cha nchi moja kisomeke nchi nyingine. Ulibuniwa kwa ajili ya madereva wa malori. Mama wa vitenge anayevuka Gatumba kwa miguu hakuwemo, ingawa kwa ugonjwa unaoambukizwa kwa kugusana, yeye hugusana na watu wengi zaidi ya dereva aliyekaa peke yake kwenye kabini.

Kwa anayejisikia vibaya baada ya safari, Burundi simu ya afya ni 117, na Tanzania ni 199. Ukifika kituoni beba orodha ya miji uliyolala katika siku 21 zilizopita, na tarehe zake. Nesi atakuuliza.