Likizo ya Watoto si ya Bibi Peke Yake

Kila shule zifungwapo, swali moja hupita katika nyumba za pwani yetu, kutoka Vanga hadi Kizingitini: nani atabaki na watoto? Baba ana zamu yake bandarini. Mama ana darasa la kufundisha, au wadi ya hospitali, au karai la mahamri ambalo lisipoinjikwa alfajiri hapana kitakachoingia mkobani siku hiyo. Watoto wamepewa ruhusa ya kupumzika, lakini tumbo halikupewa ruhusa hiyo, wala mwenye nyumba anayengoja kodi yake.

Jawabu la wengi wetu ni lile la tangu enzi za wazee, nalo ni kuwapeleka kwa bibi. Akaaye Majengo au Kisauni huwapeleka wake Malindi, Lamu, Siyu au Faza. Mwenye asili ya kusini huwavusha Likoni kwenda Gazi na Vanga, na wengine hufika hata Tanga na Unguja kwa jamaa zao. Desturi hii ni njema, na hapana haja ya kuionea haya. Mtoto hujua kwao, husikia lahaja ya wazee wake, huzuru makaburi ya waliotangulia, akawatambua ami, mjomba, halati na shangazi kwa sura badala ya kuwasikia kwa majina tu.

Lakini ilivyo leo, desturi hiyo tumeichukua nusu, na nusu ya pili tumeiacha njiani. Tumeshika kupeleka, tumesahau yale yaliyokuwa yakifuatana na kupeleka. Matokeo yake ni kwamba likizo imekuwa mzigo wa watu wawili ambao aghalabu hawaulizwi: bibi aliye mbali, na binti mkubwa aliye nyumbani.

HESABU YA SIKU

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwamba jambo hili si uvivu wa wazazi. Shule za Kenya hufungwa mara 3 kwa mwaka: Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Siku zote hizo zikijumlishwa hupita miezi 3. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Basi hata baba na mama wakiwa wote wameajiriwa, na kila mmoja akachukua likizo yake kwa wakati wake pasi na kukutana hata siku moja, watatimiza siku 42 za kazi, yaani kama miezi 2. Mwezi mzima na ziada hubaki wazi.

Na hao ndio wenye bahati. Mshona nguo, mchukuzi, dereva wa tuktuk, muuza samaki na mama wa viazi karai hawana hata hizo siku 21. Siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyopata kitu.

Wako wasemao kwamba pengo hilo lizibwe kwa masomo ya ziada shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyakataza masomo ya wakati wa likizo, na sababu yake haihitaji mwanachuoni kuieleza. Mtoto aliyesoma muhula mzima anahitaji kupumzika. Vyuo vyetu vya Kurani vililijua jambo hili zamani sana, ndiyo maana vilikuwa vikifungwa tangu Alhamisi mchana mpaka Ijumaa ipite. Shule wala chuo si bohari ya kuwekea watoto kwa kuwa wazazi hawana nafasi.

MSIMU HAUNGOJI MTU

Pwani ina shida nyingine ya peke yake. Likizo ndefu huangukia wakati ambapo kazi zetu zimepamba moto. Hoteli za Nyali, Diani, Watamu na Malindi hujaa wageni mwishoni mwa mwaka, na mpishi au dobi wa hoteli anayetaka kuomba ruhusa Desemba atajicheka mwenyewe kabla meneja hajamcheka. Mvuvi naye, kaskazi ikiingia na bahari ikawa tulivu kuliko siku za kusi, huo ndio wakati wake wa kwenda mbali. Watoto wako nyumbani, na baba hayuko.

Agosti nayo ina yake. Kusi ikivuma, kuvuka na watoto kwenda visiwani kunataka chombo madhubuti, nahodha anayeijua njia, na jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, si kwa wakubwa tu. Kwa miaka mingi vyombo vya kwenda Pate na Faza vilikuwa vikingoja maji yajae ndipo vipite mlango wa Mkanda. Aliyepanga safari kwa saa ya ukutani asiulize habari za maji, alijikuta amekaa na watoto juani hadi jioni.

Kwa upande wa nchi kavu, safari zimekuwa nyepesi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, abiria wa Malindi walivushwa kwa feri, na foleni yake ilikuwa safari nyingine. Njia ya Garsen hadi Lamu, iliyokuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, sasa ina lami. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, imewasogeza karibu wale wenye jamaa bara. Kilichobaki kizito ni nauli, maana Desemba hupanda, na mwenye watoto wanne hulipa kwenda na kurudi. Anayekata tikiti mapema, au anayesafiri juma la kwanza la likizo kabla ya msongamano, huokoa fedha za kununulia unga na sukari.

MASHARTI MATATU YA WAZEE

Sasa tufike kwenye ile nusu iliyosahauliwa. Wazee wetu walipompeleka mtoto kwa jamaa hawakumtuma kama kifurushi. Palikuwa na masharti matatu, ingawa hayakuandikwa popote.

La kwanza lilikuwa masurufu. Mtoto hakwenda mikono mitupu. Alifuatana na mchele, sukari, mafuta, na doti ya kanga ya bibi mwenyewe. Hayo hayakuwa malipo, maana bibi halipwi. Yalikuwa ni kukiri kwamba kinywa kimeongezeka katika nyumba ile na kwamba mwenye kinywa hicho ana baba na mama.

Leo mambo huwaje? Simu hulia jioni. "Mama, shikamoo. Watoto waja kesho kwa basi la alfajiri." Naye hujibu, "Marahaba mwanangu, na waje." Angejibu nini kingine? Hapana bibi atakayewakataa wajukuu. Lakini mtazame huyo bibi: umri wake ni miaka 70, magoti yanamuuma, dawa za shinikizo la damu anazinunua kwa shida, na kesho ana watoto watano wa kuwalisha, kuwafulia na kuwatafuta magharibi ikiingia. Simu iliyomfikishia habari ndiyo hiyo hiyo iwezayo kumfikishia fedha. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ule udhuru wa kwamba hapakuwa na mtu wa kumpa umekwisha.

Sharti la pili lilikuwa kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto aliyefika Siyu au Faza alipumzika siku mbili, kisha akapelekwa kwa mwalimu wa chuo asije akasahau alipokomea, na baada ya chuo akapewa la kufanya. Mmoja alifuata ami yake akajifunza kutia viraka nyavu na kusuka dema. Mwingine alikaa na halati akajifunza kusuka ukili au kushona kofia. Kazi hiyo haikuwa adhabu. Ilimwonyesha kwamba yeye ni mtu wa nyumba ile, si mgeni wa kupakuliwa. Siku hizi tunampeleka mtoto na simu mkononi, tukamwambia asimsumbue bibi, kisha tunashangaa akirudi hajui hata jina la jirani.

Sharti la tatu, nalo ndilo lililokuwa roho ya mambo yote, lilikuwa kurejesha. Ukipeleka wako Agosti, Desemba wa kwao wataletwa kwako waone mji. Watatembezwa Ngome ya Yesu, wataona meli kubwa zikiingia Kilindini, watapanda feri ya Likoni kwenda na kurudi bila ya kuwa na shughuli yoyote ng'ambo. Kwa njia hiyo mama wa shamba naye alipata majuma yake mawili ya kupumua, na watoto wakakua wakijuana pande zote mbili. Leo watoto wa mjini huenda, wa visiwani hawaji. Hapo udugu huwa wa upande mmoja, na kitu cha upande mmoja hakidumu.

Tutaambiwa kwamba nyumba za kupanga mjini ni finyu. Ni kweli. Lakini watoto watatu hulala juu ya mkeka ukumbini, na juma moja linatosha. Aliye na chumba kimoja tu anaweza kumwalika mmoja. Kilicho muhimu ni yule wa upande wa pili ajue kwamba mlango wako nao uko wazi.

BINTI MKUBWA HANA LIKIZO?

Si watoto wote wanaosafiri. Wengine hubaki, na hapo ndipo mzigo humwangukia mtu wa pili. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 14. Mama ametoka alfajiri, baba ametoka, na yeye ameachiwa nyumba. Atafagia, atapika, atafua, atawaogesha wadogo zake na kuwapeleka chuoni. Kaka yake wa miaka 16 ameamka saa nne, amekula alichopikiwa, na ameshika njia ya uwanjani. Shule zikifunguliwa kijana amepumzika, na binti anarudi darasani akiwa amechoka kuliko alivyotoka. Kisha matokeo yakija, twauliza kwa nini ameanguka.

Jambo hili halina msingi katika dini yetu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Basi kijana akifua kanzu yake, akiteka maji na kumwangalia mdogo wake hadi adhuhuri, hapungukiwi na uanaume wake.

Iko hatari nyingine pia. Mtoto wa miaka 10 kufungiwa ndani na jiko la makaa na wadogo wawili si malezi. Wala kuwaacha wazurure pwani peke yao si malezi, maana bahari haimjui mtoto wa mtu. Hapa ndipo ujirani unapohitajika. Akina mama wanne wa mtaa mmoja, ambao kila mmoja ana siku yake ya mapumziko katika juma, wakipanga zamu, tayari siku nne zina mtu mzima wa kuwatazama watoto wote. Haigharimu chochote ila kuaminiana na sufuria kubwa kidogo.

MIEZI YA DINI

Mwislamu anapopanga likizo hutazama kalenda mbili. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo miezi yetu huzunguka na kukutana na likizo mbalimbali. Ramadhani ya mwaka 1998 na ile ya 1999 zote zilianza Desemba, watoto wakiwa nyumbani. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2026 Mfungo Sita huanza katikati ya Agosti, mwezi ambao familia nyingi hupenda kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi ya Riyadha.

Haya si mambo ya kushtukizwa nayo. Ramadhani ikiwa ndani ya likizo, mama arudiye kazini saa kumi na moja hawezi kuanza peke yake kupika futari ya watu saba. Familia ijue mapema nani atakuna nazi na nani atakwenda sokoni. Na ikiwa safari ni ya Maulidi, wenyeji wa Lamu hupokea wageni kutoka kila upande kwa wakati mmoja, basi masurufu yanakuwa wajibu maradufu.

KIKAO KABLA YA KUFUNGA

Mashauri tunayoyatoa ni mepesi. Mwezi mmoja kabla ya shule kufungwa, wazazi wakae pamoja na kalenda. Waandike siku za ruhusa za kila mmoja wala wasizichukue zote kwa wakati mmoja, ila zile chache za kusafiri pamoja. Waamue nani atakwenda kwa jamaa, kwa majuma mangapi, na masurufu yatatoka wapi. Majuma mawili kwa bibi ni ziara. Miezi miwili ni kumhamishia malezi. Wagawe kazi za nyumba kwa wavulana na wasichana sawasawa na umri wao. Na mmoja wa wazazi, akiweza, awasindikize watoto mwenyewe, alale japo usiku mmoja, amwone mamake anavyoishi na dawa zake zimebaki ngapi.

Shule zitafungwa tena, kama zifungwavyo kila mwaka. Kabla ya kumpigia bibi simu kumwambia kwamba watoto waja, mpigie kwanza umwulize hali yake, na kama yuko tayari, na jikoni kwake mna nini.