"Mama Watoto Anajua Kila Kitu"

Swali limenifikia tena wiki hii, na maneno yake hayabadiliki: "Wakili, mimi na mke wangu tulishaongea. Anajua nyumba ni yake na shamba ni la watoto. Sasa karatasi ya nini?"

Karatasi ni ya siku ambayo wewe hutakuwepo kuulizwa. Nimeketi na wajane walioingia ofisini na maneno ya marehemu tu, hawana kingine. Hawasemi uongo. Mume alitamka hivyo kweli, tena mara nyingi na kwa mapenzi. Lakini aliyetamka amezikwa, na shemeji aliyekuja kupima shamba hakuwepo chumbani.

Hapo huambiwa kwamba sheria ya Kenya inatambua wosia wa mdomo. Inautambua, ila watu wamesikia nusu ya kifungu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinataka mambo mawili: maneno yatamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuyatamka afariki ndani ya miezi mitatu tangu siku hiyo. Miezi mitatu! Mzee anawakusanya wanawe Krismasi, mbuzi anachinjwa, anatembea nao shambani akionyesha kwa fimbo mpaka wa kila mmoja. Akifariki Mei, maneno yale yaliisha nguvu tangu Machi. Na kama alijaliwa miaka minane zaidi, familia nzima imeishi miaka minane ikitegemea wosia usiokuwepo.

Tuseme basi alifariki mwezi wa pili. Mtoto wa kwanza anasema mama alipewa nyumba, wa tatu anasema aliruhusiwa kuishi humo tu. Mashahidi wakipingana hivyo, kifungu cha 10 kinakubali yale tu yanayothibitishwa na shahidi asiyefaidika na wosia, wala mwenzi wake asifaidike. Siku ile ya mbuzi nani alikuwepo? Mke na watoto, yaani wafaidika watupu. Na kama kuna wosia wa maandishi ambao mzee hakuufuta, hata wa miaka kumi nyuma, maneno yanayoupinga hayana nguvu.

Wosia usipokuwepo, sheria hugawa yenyewe. Chini ya kifungu cha 35, mwenzi aliyebaki na watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja. Mali nyingine hupewa kuitumia maishani mwake tu, na kuuza ardhi kunahitaji idhini ya mahakama. Mume alisema "nyumba ni yako", lakini sivyo alivyomwachia. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 hugawa kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mke aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi. Kitu mlichonong'onezana hakimo katika hesabu hiyo.

Kuna na wale wanaoniambia, "Nimempa namba ya siri ya benki, atatoa." Msimpeleke mjane jela jamani. Kifungu cha 45 kinakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Sisemi msiongee. Ongeeni, na msingoje mmoja alazwe, kwa sababu kitandani hospitalini kila swali husikika kama kujichuria. Anzeni na madeni, maana mali watu huitaja upesi na mkopo wa Sacco huuficha. Hatimiliki ziko wapi? Nani atawalea wadogo tukiondoka sote wawili? Na kama kuna mtoto wa nje, mtaje leo. Sheria humhesabu kuwa mtegemezi wako hata ukimwacha nje ya wosia, na ni afadhali mkeo amsikie kwako kuliko matangani. Wewe mama, una wosia wako pia: kifungu cha 5 kinamtaja mwanamke waziwazi, aliyeolewa na asiyeolewa.

Kisha andikeni, kila mmoja wake. Weka sahihi mbele ya mashahidi wawili wazima wenye akili timamu, nao watie zao. Wasiwe warithi wako wala wenzi wa warithi, la sivyo walichoachiwa kinabatilika. Taja wasii, na umwambie wosia uko wapi. Someni hati ya ardhi: mkiwa wamiliki wa pamoja, aliyebaki huchukua yote na wosia hauigusi. Kila mmoja akiwa na fungu lake, fungu hilo liandikwe. Ukioa au kuolewa baadaye, wosia wa zamani hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo na mtu huyohuyo. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu: wosia hauzidi thuluthi, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie, kwa hiyo muulizeni Kadhi kabla ya kuandika. Ukibadili nia, usikate mstari kwa kalamu ukaandika jina jingine juu yake. Badiliko lisilo na sahihi yako na za mashahidi halihesabiki, na jina ulilolikata ndilo litakalorithi.