Bakari si Jina Lililokosewa

Wapo wazazi wanaoona haya kumwandikia mtoto Bakari. Wanataka "lisahihishwe" liwe Abubakr, wakiamini kuwa sisi watu wa Pwani tumelikata na kuliharibu. Wasiwasi huo hauna msingi.

Sahaba tunayemwita Abubakar Swiddiq, khalifa wa kwanza (632–634), kwa kauli iliyo mashuhuri aliitwa Abdallah. Abu Bakr ilikuwa kunya yake, jina la heshima linaloanza na Abu, "baba wa", au Ummu, "mama wa". Desturi hii haitushangazi: kwetu mwanamume akishapata mtoto, majirani humwita Baba Asha au Baba Juma, na wengine hata hawalijui jina lake. Lakini tazama jambo hili. Wanawe wa kiume wanaotajwa katika sira ni Abdallah, Abdulrahman na Muhammad. Bakr hayumo! Kwa Waarabu, kunya haikumlazimu mtu awe na mtoto wa jina hilo. Iliweza kutokana na sifa yake au kitu alichokipenda, kama sahaba Abu Hurayra, "baba wa kipaka", aliyejulikana kwa paka wake mdogo.

Bakr ni ngamia dume kijana. Baadhi ya wanazuoni husema Abdallah huyo aliwapenda ngamia. Wengine hulirudisha jina kwenye maana ya kutangulia, kwa kuwa yeye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusilimu. Tafsiri ya pili inapendeza, ila mimi naiegemea ya kwanza, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya Waarabu wa jangwani. Mzizi wenyewe tunao nyumbani: neno bikira limetoka humohumo.

Sasa hiyo Abu iliyoachwa. Je, bila yake jina limepungua? Hata kidogo. Bakr peke yake lilikuwa jina la mwanamume kabla ya Uislamu. Kabila kubwa la Bakr bin Wail lilijulikana kwalo, na mji wa Diyarbakır nchini Uturuki bado unalibeba, kwani asili yake ni Diyar Bakr, makazi ya watu wa Bakr.

Kuhusu matamshi, Kiswahili kimefanya kazi yake ya kila siku ya kuongeza irabu. Rajab akawa Rajabu, Umar akawa Omari, Bakr akawa Bakari. Wenzetu wa Afrika Magharibi nao wamefanya yao: Senegali na Mali ni Boubacar, Wakanuri husema Bukar, na Wahausa, pamoja na Abubakar, wanalo Garba. Wote wanamkusudia sahaba yuleyule.

Wala Bakari si jina la juzi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye Desturi za Wasuaheli yake ilichapishwa mwaka 1903, alilibeba katika nasaba yake hivyo hivyo, bila Abu.

Basi mzazi, ukilipenda Bakari, mwandike Bakari kwenye cheti cha kuzaliwa, madrasa na shuleni, kwa herufi zilezile kila mahali. Ukilipenda Abubakar, nalo ni jina jema. Usibadilishe moja kuwa jingine kwa kudhani unarekebisha kosa.